Jinsi ya Kufuatilia Nishani ya Ushujaa ya Afisa Mdogo: Kutoka Msalaba Usio na Jina Hadi Siku ya Mapigano

Maswali ni yaleyale kila mara. Mtu amekuta kisanduku chenye msalaba wa fedha na utepe mweupe wenye mstari wa zambarau katikati. Mwingine ametembelea makaburi ya vita pale Voi au Taveta, akaona herufi M.C. zimechongwa baada ya jina la luteni wa miaka ishirini na kitu. Wote wanataka kujua hii ni nini, alipewa nani, na alifanya nini hata akapewa. Nimeyajibu maswali haya mara nyingi kwa vipandevipande. Leo nayajibu kwa mpangilio, toka mwanzo hadi mwisho.

Mwongozo huu unahusu jeshi la Uingereza katika Vita Kuu mbili, na hasa maafisa wa askari wa miguu wenye cheo cha kapteni kwenda chini: luteni wa pili (ambaye Tanzania humwita luteni usu), luteni na kapteni. Mifano mingi nimeitoa katika vita vilivyopiganwa huku kwetu Afrika Mashariki, maana ndiko nyaraka zinakosomwa kidogo kuliko inavyostahili.

Shika jambo moja kabla hatujaanza. Nishani ya Military Cross, kwa kifupi MC, haikutolewa ikiwa na jina la mwenyewe katika Vita Kuu ya Kwanza. Ukiigeuza nyuma utakuta fedha tupu. Jina liko kwenye karatasi, kwa hiyo kazi yako ni kuukutanisha msalaba na karatasi zake bila kulazimisha.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Picha safi za kila nishani, mbele, nyuma na ukingoni. Piga kwenye mwanga wa dirishani, usitumie flashi.
- Kioo cha kukuzia. Maandishi ya ukingoni ni madogo na mara nyingi yamelika.
- Jina kamili la afisa ukiweza kulipata. Herufi za mwanzo pekee zitakusumbua.
- Daftari lenye safu tatu: nilichokipata, nimekipata wapi, nina hakika kiasi gani. Usiidharau safu ya tatu.
- Intaneti, na mtu wa kukusaidia Kiingereza ikiwa si lugha unayoizoea. Karibu nyaraka zote ziko kwa Kiingereza, tena cha kijeshi kilichojaa vifupisho.
- Ramani ya zamani ya eneo la mapigano, au angalau orodha ya majina ya miji yaliyobadilika.

Hatua ya 1: Piga picha, kisha usiguse kitu

Kama nishani ziko mikononi mwako, zipige picha jinsi zilivyo kabla ya kufungua pini yoyote. Mpangilio wa nishani kwenye pini, utepe uliochakaa, hata uzi ulioshonea, vyote ni ushahidi. Ukishavitenganisha hutaweza kuthibitisha tena kwamba vilikuwa pamoja.

Usizisafishe. Hili ndilo kosa ninalolihuzunikia kuliko yote. Watu huchukua dawa ya meno, majivu au dawa ya kung'arishia fedha, wanasugua hadi nishani imeremete, na papo hapo wanafuta jina la ukingoni lililodumu miaka mia. Weusi ule juu ya fedha si uchafu, na wala haudhuru nishani. Usifue utepe. Usizihifadhi kwenye mifuko ya plastiki laini, maana plastiki ile hutoa mvuke unaokula chuma. Zifunge kwa karatasi isiyo na asidi au kitambaa cha pamba kisafi, uweke pakavu.

Hatua ya 2: Itambue nishani

Afisa mdogo wa askari wa miguu aliweza kupata moja kati ya tuzo nne za ushujaa. Zijue kwa sura.

*Victoria Cross*, yaani VC, ndiyo ya juu kabisa. Ilianzishwa mwaka 1856. Ni msalaba wa bronzi wa rangi ya kahawia iliyokoza, si wa kung'aa, na una maneno FOR VALOUR. Utepe wake ni mwekundu wa damu ya mzee. Hii ina jina: limechongwa nyuma ya kile kipande cha juu kinachoshika utepe, na tarehe ya kitendo imechongwa nyuma ya msalaba wenyewe, katikati.

*Distinguished Service Order*, DSO, ilianzishwa mwaka 1886. Ni msalaba wenye enameli nyeupe, utepe mwekundu wenye kingo za buluu. Kwa kawaida ilikwenda kwa wakubwa, mameja na maluteni kanali. Ukiiona kwa luteni, simama hapo. DSO kwa afisa mdogo ilichukuliwa na wengi kuwa VC iliyokosekana kwa unywele, na maelezo yake hayatakuchosha kuyasoma.

*Military Cross*, MC, ndiyo utakayokutana nayo zaidi. Iliundwa mwishoni mwa Desemba 1914, kwa sababu vita vilikuwa vikubwa mno na hapakuwa na nishani ya kuwafaa makapteni, maluteni na maafisa wateule. Ni msalaba wa fedha ambao kila mkono wake unaishia kwenye taji, na katikati zimo herufi za mfalme: George V kwa vita vya kwanza, George VI kwa vya pili. Utepe una mistari mitatu yenye upana sawa: mweupe, zambarau, mweupe. Kuanzia mwaka 1916, afisa aliyeistahili mara ya pili hakupewa msalaba mwingine, alipewa ufito wa fedha wa kuvaa juu ya utepe. Katika vita vya kwanza zilitolewa zaidi ya 37,000, na zile za Vita Kuu ya Pili zilichongwa mwaka wa kutolewa nyuma ya mkono wa chini. Mwaka tu, bila jina.

*Kutajwa kwenye taarifa za vita* si nishani bali ni jani. Jenerali alipoandika ripoti yake kwa serikali, aliorodhesha waliofanya vizuri, na aliyetajwa aliruhusiwa kuvaa jani la mwaloni la bronzi. Katika vita vya kwanza jani hilo hukaa juu ya utepe wa Victory Medal wenye rangi za upinde wa mvua. Katika vita vya pili hukaa kwenye utepe wa War Medal. Likague kwa makini, ni dogo na hudondoka kirahisi.

Angalizo: msalaba ukiwa na jina lililochongwa nyuma, usirukeruke kwa furaha. Maafisa wengi walipeleka MC zao kwa sonara kuchongwa jina. Na wauzaji wasio waaminifu hufanya hivyohivyo leo. Chukulia jina lile kuwa kidokezo cha kwenda kukihakiki.

Hatua ya 3: Soma kingo za nishani nyingine

MC haikai peke yake. Jirani zake ni nishani za kushiriki vita, ambazo kila aliyekwenda vitani alizipata, na hizo za vita vya kwanza ndizo zenye majina. Nyota ya 1914 au ya 1914–15 imechongwa nyuma: cheo, jina, regimenti. British War Medal ya fedha na Victory Medal ya bronzi zimechongwa ukingoni.

Hapa wengi hushtuka: kwenye ukingo wa nishani hizi mbili, afisa ana cheo na jina tu, hana namba wala regimenti. Askari wa kawaida ana namba, cheo, jina na kikosi. Kwa hiyo ukikuta namba ya askari pamoja na MC, kuna mambo mawili. Ama alianza vita akiwa askari wa kawaida kisha akapandishwa uafisa (jambo lililotokea sana kadiri maafisa walivyozidi kuuawa), ama mtu amechanganya nishani za watu wawili.

Cheo kilichochongwa huwa kile cha juu alichofikia, au kile alichokuwa nacho alipoomba. Usitarajie kilingane na cheo cha siku ya ushujaa wake.

Vita vya pili ni tofauti. Uingereza iliamua kutochonga majina kwenye nyota zake. Nyota ya Afrika, yenye utepe wa rangi ya mchanga na mstari mwekundu katikati, ni shaba tupu nyuma, isipokuwa zile zilizotolewa na nchi kama Afrika Kusini na Australia, ambazo zilichonga. Nyota hizo zikiwa tupu, ruka uende hatua ya 5.

Hatua ya 4: Tafuta kadi yake

Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, London, ina kadi za nishani za vita vya kwanza. Fungu lake linaitwa WO 372. Kutafuta jina kwenye mtandao wao ni bure. Kadi itakupa vyeo vyake, vikosi alivyopitia, na mara nyingi tarehe na uwanja wa vita alioingia kwanza.

Kama jina lake ni la kawaida, utapata kadi kumi na tano. Usichague inayokupendeza. Ondoa moja baada ya nyingine kwa sababu unayoweza kuiandika. Mimi niliwahi kumfuata luteni asiyehusika kwa wiki mbili nzima kwa sababu herufi zake tatu za mwanzo zililingana na za niliyemtaka. Regimenti yao ilikuwa moja pia, na sikutazama tarehe.

Hatua ya 5: Ingia kwenye London Gazette

Gazeti hili la serikali ndilo linaloifanya nishani kuwa halali. Kila VC, DSO na MC ilitangazwa humo, na matoleo yote yanasomeka mtandaoni bila malipo. Tafuta hivi:

1. Anza na jina la ukoo na herufi za mwanzo, si jina kamili. Gazeti liliandika herufi.
2. Weka kipindi kipana, kuanzia siku unayodhani kitendo kilifanyika hadi mwaka mmoja mbele. Tarehe ya gazeti si tarehe ya kitendo.
3. Usipompata, jaribu regimenti pamoja na maneno Military Cross. Mashine iliyosoma kurasa hizi hukosea herufi: *rn* huwa *m*, *c* huwa *e*.
4. Ukimpata, andika namba ya toleo, tarehe na ukurasa. Pakua ukurasa mzima, usikate mistari yake peke yake.

Jifunze vifupisho mapema. *T./2nd Lt.* ni luteni wa pili wa muda, yaani wa kipindi cha vita tu. *Actg. Capt.* ni kaimu kapteni. *Attd.* ni muhimu kuliko vyote kwa utafiti wa huku kwetu: maana yake afisa ameazimwa. King's African Rifles, ambayo babu zetu waliiita Keya, ilikuwa na batalioni 3 vita vilipoanza mwaka 1914 na 22 vilipokwisha, na maafisa wake wengi waliazimwa kutoka regimenti za Uingereza. Kwa hiyo afisa wa Keya anaweza kuandikwa chini ya regimenti ya Uingereza ambayo hakupigana nayo hata siku moja, kisha mwishoni *attd. K.A.R.* Ukiliruka neno hilo utampeleka Ufaransa mtu aliyekuwa Lindi.

Namba za Keya nazo zina utaratibu wake. Ukiona 2/3 K.A.R. usisome "theluthi mbili". Ni batalioni ya pili ya regimenti ya tatu. Regimenti ya tatu ilikuwa ya Kenya ya leo, ya nne ya Uganda, ya kwanza na ya pili za Nyasaland, yaani Malawi.

Hatua ya 6: Yasome maelezo ya ushujaa polepole

Ukiwa na bahati, chini ya jina kuna aya fupi inayosema alifanya nini. Ukikosa, usikate tamaa. Nitakuambia sababu huko mbele.

Aya hizi zina lugha yake. "Conspicuous gallantry and devotion to duty" (ushujaa wa wazi na kujitolea kazini) imo karibu katika kila moja, kwa hiyo haikuelezi lolote juu ya mtu huyu. Iruke. Tafuta vitenzi baada yake: aliongoza, alibeba, alirudi, alishikilia. Tafuta idadi, muda na umbali. Na jiulize kila mara nani anazungumza.

Chukua mfano wa Luteni Wilbur Dartnell, Mwaustralia wa batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, njia ya Voi kwenda Taveta, kikosi chake kilipambana na Wajerumani hadi wakakaribiana hatua chache. Dartnell alikuwa amejeruhiwa mguu na alikuwa akibebwa kuondolewa. Alipoona kwamba majeruhi waliozidiwa hawawezi kubebwa, alisisitiza aachwe pamoja nao, akitumaini kwamba uwepo wake ungewaokoa. Aliuawa pale. VC yake ilitangazwa tarehe 23 Desemba 1915, na kaburi lake liko Voi.

Ni kitendo kizito, nami kila nikikisoma nanyamaza kidogo. Lakini isome aya yenyewe ilivyochapishwa, utaona inasema kwamba alijua askari weusi wa adui huwaua majeruhi. Hayo ni maneno ya upande mmoja, yaliyoandikwa vita vikiendelea, juu ya Waafrika ambao hakuna aliyewauliza. Mtafiti mwaminifu huandika yote mawili: kitendo cha Dartnell, na kwamba shutuma ile ni ya mwandishi wa aya. Usiifute, wala usiinakili kama jambo lililothibitishwa.

Angalia pia umbali wa tarehe: Septemba hadi Desemba, zaidi ya miezi mitatu. Ndiyo maana nilikuambia uweke kipindi kipana.

Hatua ya 7: Tafuta siku na mahali

Aya za MC za vita vya kwanza mara nyingi hazitaji mahali wala tarehe, kwa usalama wa kijeshi. Una njia mbili.

Ya kwanza ni rejista za WO 389 huko Kew. Hizi ni kumbukumbu za DSO na MC ambamo makarani waliongeza tarehe na mahali. Wanaoanza wengi hawajui kwamba zipo, nami natamani zingetajwa kila mahali.

Ya pili ni shajara ya vita ya batalioni, fungu la WO 95. Kila kikosi kiliandika siku kwa siku: kilitembea wapi, kilipigana na nani, nani amekufa. Ukishajua batalioni na mwezi, soma shajara kuanzia wiki sita kabla ya tarehe ya gazeti ukirudi nyuma. Linganisha vitenzi vya aya na matukio ya shajara. Kama aya inasema alishikilia ukingo wa mto kwa siku mbili, tafuta mto. Kwa vita vya kusini mwa Tanganyika, mapigano ya Mahiwa na Nyangao ya Oktoba 1917 hujitokeza sana, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa makali kuliko yote katika kampeni hii.

Kwa Vita Kuu ya Pili kazi ni nyepesi. Gazeti halikuchapisha maelezo ya MC, lakini mapendekezo yenyewe yamesalia katika WO 373, yakiwa na tarehe, mahali, na saini za wakubwa walioyapitisha. Humo utawakuta maafisa wa Keya wa Ethiopia, Madagaska na Burma.

Hatua ya 8: Faili la afisa

Mafaili ya maafisa wa vita vya kwanza yako katika WO 339 na WO 374. Mengine yaliharibika London ilipopigwa mabomu Septemba 1940, mengine yamebaki nusu. Faili zuri lina fomu ya kujiunga, ripoti za hospitali, barua za mama yake akiulizia mali ya marehemu. Sehemu ya ushujaa huwa ndogo sana humo. Lifungue ili umjue mtu, usitegemee likupe MC yake.

Hatua ya 9: Watafute waliokuwa naye

Watu wengi huishia hatua ya 8. Nakuomba usiishie hapo.

Hakuna luteni aliyeshikilia ukingo wa mto peke yake. Katika Keya alikuwa na sajenti, makoplo, askari na wapagazi, na shajara za vita zina tabia moja inayouma: maafisa hutajwa kwa majina, askari kwa idadi. "Askari 12 wameuawa." Waafrika wa Keya hawakupewa uafisa wa Kiingereza wakati wa vita hivi viwili, kwa hiyo usitegemee kuwakuta kwenye orodha za MC. Tafuta nishani zao kwingine:

- *Distinguished Conduct Medal*, DCM. Keya ilikuwa na ya kwake, yenye jina la kikosi upande wa nyuma.
- *Military Medal*, MM, iliyoanzishwa mwaka 1916. Ni ya duara, ina kichwa cha mfalme mbele na maneno FOR BRAVERY IN THE FIELD nyuma.

Zote mbili zina namba na jina la askari ukingoni, tofauti na msalaba wa bosi wake. Chukua tarehe uliyoipata hatua ya 7, kisha tafuta DCM na MM za kikosi kilekile kwa kitendo cha siku ileile. Tahajia ya majina ni mtihani: karani Mwingereza aliandika alichosikia. Yasome kwa sauti. Jina linaloonekana geni kwenye karatasi mara nyingi hujulikana papo hapo likitamkwa na mtu wa kwao.

Hatua ya 10: Andika ukurasa mmoja

Jina, cheo cha siku ile, kikosi alichoazimwa kwacho, tarehe ya kitendo, mahali kwa jina la zamani na la sasa, tarehe na ukurasa wa gazeti, maelezo kwa maneno yako, na majina ya waliokuwa naye. Chapa nakala mbili. Moja ikae kwenye kisanduku cha nishani, chini ya kitambaa, ili atakayekifungua baadaye asianze upya.

Ukikwama

*Nimempata kwenye gazeti lakini hana maelezo.* Tazama tarehe. Likiwa toleo la Januari 1 au la karibu na Juni 3, siku ya kuzaliwa kwa George V, alikuwa kwenye orodha ya heshima ya kila mwaka. Tuzo hizo zilitolewa kwa kazi njema ya miezi mingi na hazikuandikiwa aya. Na mapendekezo ya vita vya kwanza kwa sehemu kubwa yaliteketea mwaka 1940. Tegemea shajara.

*Alikufa kishujaa, mbona hana MC?* Hadi mwaka 1979, aliyekwisha kufa aliweza kupewa VC au kutajwa kwenye taarifa za vita tu. Hapakuwa na kitu cha katikati. Kwa hiyo jani lile dogo la mwaloni, kwa luteni aliyeuawa, linaweza kuwa limebeba kitendo kikubwa kuliko misalaba mingi. Ukikuta MC ya marehemu, ujue pendekezo liliandikwa akiwa hai; gazeti huongeza maneno kama "since died of wounds", yaani amekufa baadaye kwa majeraha.

*Kadi haionyeshi kwamba nishani zilitumwa.* Askari wa kawaida walitumiwa nishani zao za vita vya kwanza bila kuomba. Afisa ilimpasa aombe. Wengine hawakuomba kamwe, kwa uchungu au kwa kutojali.

*Kumbukumbu inasema ameuawa, familia inasema alirudi.* Sikiliza familia, kisha hakiki. Kapteni Eric Wilson, aliyeazimwa kwa Somaliland Camel Corps, alipewa VC kwa mapigano ya Tug Argan ya Agosti 1940 ikidhaniwa amekufa. Alikuwa mfungwa wa Waitaliano Eritrea, na alikombolewa mwaka 1941.

*Siuoni mji huu kwenye ramani.* Wilhelmstal ni Lushoto. Neu Langenburg ni Tukuyu. Bismarckburg ni Kasanga. Abercorn ni Mbala, Zambia. Port Amelia ni Pemba ya Msumbiji, si kisiwa chetu cha Pemba, na mkanganyiko huo umeharibu kazi za watu wengi.

*Tarehe ya kitendo iko baada ya Novemba 11, 1918.* Huenda si kosa. Habari za kusitisha vita zilichelewa kufika, na von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, alisalimisha silaha Abercorn tarehe 25 Novemba. Kwa kampeni hii, hesabu wiki mbili zaidi.

*Victory Medal imeandikwa 1914–1919. Ni bandia?* Hapana, zote za Uingereza zimeandikwa hivyo.

*Faili la afisa wa Keya halionekani.* Litafute chini ya regimenti iliyomwazima. Kama aliendelea na jeshi baada ya mwaka 1922, faili lake halikuwekwa pamoja na hayo. Na kama alikuwa mlowezi aliyepewa uafisa hapahapa, huenda halikuwahi kuwa London. Jaribu nyaraka za serikali ya koloni mjini Nairobi.

*Nimepata jina la sajenti mwenye DCM lakini si kijiji chake.* Anza na regimenti, itakupa nchi. Kisha peleka jina kwa wazee wa jamii unayodhani ni yake, pamoja na tarehe na jina la mahali pa mapigano. Nenda mwenyewe ukiweza, na ukurasa wako wa hatua ya 10 uwe mkononi, ili nao wapate kitu cha kubaki nacho.